Chumvi ni Ile Ile

Hapa Sarang'ombe ukisema Mhindi, watu wanafikiria hadwea, kampuni ya Industrial Area, bosi. Basi. Lakini ile reli ya kwenda Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Kulikuwa na Waislamu, Makalasinga na Wahindu, na dini ya hao Wahindu ina swali la zamani sana: mimi ni nani?

Kwenye Upanishad, maandiko yao ya kale, kuna kijana anaitwa Shvetaketu. Alisoma miaka 12, akarudi nyumbani akiwa na miaka 24, kichwa kimefura. Babake, Uddalaka, akamuuliza kama alifunzwa kile kitu ukikijua umejua vyote. Hakuwa anakijua. Mzee akamwambia atie chumvi kwa maji, alale. Asubuhi chumvi haionekani, lakini ukionja juu, katikati na chini, yote ni chumvi. Wahindu wengi wanaielewa hivi: nafsi iliyo ndani yako, Atman, ni moja na Brahman, asili ya kila kitu. Kujijua ni kuona hivyo.

Mimi niliacha chuo, so hiyo hadithi ilinigusa. Lakini usiitumie kudharau shule. Shida ya Shvetaketu haikuwa masomo, ilikuwa kiburi.

Sasa, kama chumvi ni moja, mbona Nairobi ya mkoloni ilikuwa na mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika? Mbona India kwenyewe kuna matabaka? Kujua na kuishi unachojua ni vitu viwili.

Kuna mtu alijaribu. Apa Pant, mwakilishi wa kwanza wa India huru hapa Nairobi, alifika 1948. Babake, mtawala wa Aundh, ndiye alieneza mazoezi ya kusalimia jua. Pant akawa rafiki ya Kenyatta, akasaidia Waafrika kupata ufadhili wa kusoma India. Waingereza wakalalamika, na 1954 akaondoka.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Baada ya uchaguzi wa 2007, reli iling'olewa hapa Kibera, na majirani wakafukuzana kwa sababu ya kabila. Watu waliokuwa wakichota maji kwa mfereji mmoja.

Kwangu, kujijua si kufunga macho na kupumua polepole tu. Ni kumwangalia mtu wa ng'ambo ile ya reli na kukubali chumvi ni ile ile, hata kama itakugharimu kitu.

Wewe ukimwangalia, unaona nani?