Zima flashi, fungua pazia

Kila wiki mtu hunitumia ujumbe akiuliza anunue taa gani ya kumpigia mtoto picha kwa nyumba. Wengi washaona ile taa ya duara ya watu wa TikTok na wanataka tu niseme ndiyo, nunua. Mimi husema hapana, halafu naonekana mchoyo. Sasa wacha nieleze vizuri, na itabidi turudi nyuma kama miaka 180, kwa sababu vita vya mtoto na mwangaza vilianza kabla ya stima.

Picha za kwanza za watu, miaka ya 1840, zilitaka ukae bila kutikisika kwa sekunde nyingi, saa zingine hata dakika nzima. Zile sahani za kunasia picha zilikuwa zinakunywa mwangaza polepole sana. Jaribu kumwambia mtoto wa miezi sita atulie sekunde tano tu, uone. Wapiga picha wa Uingereza na Marekani wakatafuta ujanja: mama anakaa kwa kiti, anafunikwa kitambaa kuanzia kichwani mpaka chini, halafu mtoto anawekwa mapajani mwake. Picha ikitoka, unaona mtoto amekaliwa vizuri na kiti chenye vidole. Ziko nyingi mtandaoni, zitafute, zinatisha na kuchekesha kwa wakati mmoja. Lakini fikiria huyo mama. Amebeba mimba, amezaa, amemvalisha mtoto, halafu anafichwa chini ya shuka kwa sababu mwangaza hautoshi.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, wakaleta unga wa magnesiamu wa kuwasha wakati wa kupiga picha. Mlipuko, moshi, chumba kizima kinanuka. Baadaye zikaja balbu za flashi, kisha flashi za umeme, na hatimaye ile nukta ndogo iko nyuma ya simu yako. Moshi uliisha lakini wazo likabaki: kwamba mwangaza wa picha ya maana lazima umgonge mtu usoni, kutoka mbele, kwa ghafla.

Na si lazima. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani, mchana, kwa mwangaza wa kawaida, na kitambaa kimetundikwa ukutani. Angalia ngozi za wale watu. Hakuna uso uliozama. Hapa Afrika Mashariki tunayo Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za nyeusi na nyeupe bado zinatamaniwa. Hao wazee walijua kusoma uso kabla ya kubonyeza.

Kwetu Thika kuna kejeli fulani hapa. Kituo cha umeme cha Ndula, kwenye Mto Thika, kilianza kazi mwaka 1925. Mto Ruiru nao ulishatumika kuwashia Nairobi taa. Maji yetu yakaangaza mji wa wengine, na kwa miaka mingi vijiji vilivyo kando ya hiyo mito vikaendelea na koroboi. Picha ya mtoto ikawa kazi ya mchana, unavaa nguo ya Krismasi, unapelekwa studio mjini, unaambiwa usipepese macho.

Halafu rangi ikaja, na hapa ndipo mimi hukasirika. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanatumia maabara kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Watu wa kazi waliziita kadi za Shirley. Kama Shirley ametokea vizuri, mashine iko sawa. Wewe je? Wewe utajipanga. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alifuatilia hii hadithi na kuichapisha mwaka 2009, na alichopata ni kwamba Kodak walisukumwa kurekebisha rangi za kahawia na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Chokoleti, jamani. Akina mama walikuwa wanaona watoto wao wakipotea kwa picha miaka yote hiyo, lakini kilichosikika ni kabati.

Fungua albamu ya kwenu ya miaka ya tisini utaielewa hii bila mtafiti. Shali nyeupe inawaka, meno ya shangazi yanawaka, na katikati kuna kitu cheusi chenye macho mawili mekundu. Huyo ni wewe.

Simu za sasa zimejaribu. Tecno walipata soko letu kwa sehemu kwa kutengeneza kamera inayojali ngozi nyeusi, na Google wakaleta Real Tone yao mwaka 2021. Sawa. Lakini bado kuna mzazi ataniomba, kwa sauti ya chini, nimfanye mtoto awe mweupe kidogo. Mtoto wa wiki tatu! Huwa simjibu vibaya. Nazima balbu, nafungua pazia, napiga tena, namwonyesha. Mara nyingi ombi linaishia hapo, kwa sababu hakuwa anataka mtoto mweupe, alikuwa anataka mtoto anayeonekana.

Kwa hivyo kazi yenyewe ni hii. Mlaze mtoto karibu na dirisha, kama mita moja hivi, mwangaza utoke upande wa kichwa au ubavuni, usitoke miguuni kupanda kidevuni, hapo atafanana na filamu ya majini. Upande wa giza weka shuka nyeupe irudishe mwangaza. Zima balbu, maana rangi ya balbu na ya mchana zikichanganyika ngozi inakuwa ya ajabu. Na ile Arimis mathe amempaka? Iache. Flashi inaigeuza madoa meupe, lakini dirisha linaipa ngozi ung'avu mzuri sana.

Vitabu vya Ulaya vitakwambia utafute dirisha la kaskazini. Usiwasikilize. Sisi tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita kaskazini yetu, basi dirisha tulivu ni la kusini. Desemba ni kinyume. Na ile Julai yetu ya baridi na mawingu, mnayoilaani kwa stegi, ndiyo studio bora kabisa ya mwaka, bure.

Najua utaniuliza: dirisha gani? Githurai 45 na Kimbo kuna flati zimebanana mpaka ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani, na watu wanawasha stima saa sita mchana. Mwenye ploti alihesabu vyumba, hakuhesabu jua. Hapo toka kwa mlango, kaa pale korido inapoanza kupata mwangaza, au panda juu kwenye kamba za nguo saa mbili asubuhi, mtoto akiwa mikononi mwa mtu. Mama akionekana kwa picha ni sawa pia. Hatufuniki mtu.

Kitu kimoja nitaipa flashi. Haimpofushi mtoto kama tunavyoambiwa, na kuna siku inaweza kusaidia. Macho mekundu kwa picha ni kawaida. Lakini ukiona mboni ya jicho moja inatoa mng'ao mweupe, na unajirudia picha baada ya picha, usiuondoe kwa filta. Inaweza kuwa pembe tu ya kamera, inaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayoshika watoto wadogo, na ikiwahiwa inatibika. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, Hospitali ya Kikuyu wana kitengo chao, na umwonyeshe hizo picha kwa simu.