Sikio la Mwingereza na irabu za Kireno

Katika miaka yangu ya kufundisha fonetiki, nimewasikia walimu wengi wakiwacheka wanafunzi eti lugha ya mama imewaharibia Kiingereza. Hebu basi tumtazame Mwingereza mwenyewe anapokutana na lugha ya watu.

Kireno kina irabu tano za puani, yaani zile ambazo hewa hupita puani na kinywani kwa pamoja. Nazo hubadilisha maana: 'pau' ni kipande cha mti, 'pão' ni mkate. Kiingereza hakitofautishi maneno kwa njia hiyo. Kwa hivyo, sikio la Mwingereza aghalabu huigawa sauti hiyo moja ikawa mbili: irabu ya kawaida, kisha konsonanti 'n'.

Historia imehifadhi ushahidi. 'Mandarim' ya Wareno ikawa 'mandarin', 'palanquim' ikawa 'palanquin'. 'Monção', iliyotokana na 'mawsim' ya Kiarabu, nduguye 'msimu' wetu, leo ni 'monsoon'. Wakati mwingine king'ong'o kilidondoshwa kabisa. Mnamo 1661, Wareno walikubali kumpa Mfalme Charles II mji wa Bombaim kwa ajili ya ndoa yake na Catarina de Bragança. Waingereza wakauita Bombay!

Hata irabu za kinywani huwatatiza. 'Avô' ni babu, 'avó' ni nyanya. Tofauti ni upana wa kinywa katika 'o' ya mwisho. Mwingereza anayeanza kujifunza huelekea kuzitamka zote 'ou', usijue anamsalimia nani.

Je, sisi Waswahili? Wareno walifika Mombasa 1498, na maneno yao tukayapokea kwa masikio yetu. 'Limão' ikawa limau, 'lenço' ikawa leso. King'ong'o kikaenda zake. Lakini katika 'bandeira' kilisalia, tukapata bendera, maana 'nd' tulikuwa nayo tayari.

Hakuna anayesema leso ni kosa, wala 'monsoon'. Kila jamii husikia kwa sikio lililofunzwa na lugha yake ya kwanza. Kwa nini basi jambo hilo liwe historia kwa Mwingereza, ila liwe aibu kwa mtoto wa Kitui au Kakamega?

Sisemi matamshi yasifunzwe. La hasha! Mwalimu, mfunze mtoto kusikia tofauti kwanza. Ulimi utafuata, tena bila kuchekwa.