Barua Iliyobaki Japani: Historia Fupi ya Kurejesha Magari Yenye Kasoro

Katika likizo ya mwaka jana nilikuwa nimeketi ndani ya gari la mjomba wangu, tukitoka Mukono kwenda Kampala, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mjomba alisema, "Ni vumbi tu, mwanangu." Haikuwa vumbi. Fundi alipofungua mlango wa dereva, alikuta swichi ya vioo imeyeyuka upande mmoja. Akatuambia kwamba tatizo kama hilo ameliona katika magari mengine ya aina ileile.

Maneno ya fundi yalinifanya nitafute zaidi. Nilinakili namba ya chasisi kutoka kwenye kadi ya gari na kuiingiza katika ukurasa wa Kiingereza wa kampuni iliyolitengeneza. Ulikataa, kwa kuwa ulitaka namba yenye tarakimu na herufi 17, na magari yaliyouzwa ndani ya Japani huwa na namba fupi zaidi. Ukurasa wa Kijapani ndio uliojibu: swichi hiyo ina kasoro, inaweza kupata joto na kuwaka moto, inabadilishwa bila malipo, na katika gari hili kazi hiyo haijafanyika. Yaani mtengenezaji alijua kwa miaka mingi, na mjomba, anayebeba abiria kila siku, hakuambiwa. Swali la insha hii ni: kwa nini hakuambiwa?

Jibu linaanzia Marekani. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichowashutumu watengenezaji wa magari kwa kupuuza usalama. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari. Sheria hiyo ilimtaka mtengenezaji anayegundua kasoro ya hatari amjulishe mnunuzi wa kwanza kwa barua ya rejista. Haikumlazimisha kutengeneza bure. Sharti hilo liliongezwa mwaka 1974. Japani nayo ilianzisha utaratibu wake mwaka 1969. Tangu mwanzo, basi, mfumo huu ulijengwa juu ya kitu kimoja, yaani barua inayomfuata mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika mkasa wa Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza mikanda ya usalama na mifuko ya hewa kwa watengenezaji wengi wa magari. Ili kuijaza mifuko hiyo kwa kasi, ilitumia kemikali ya amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika. Gari linapogongwa hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, na kopo la chuma linaloishikilia hupasuka na kurusha vipande kwa waliomo garini. Mwaka 2008 Honda ilirejesha magari 4,000 hivi nchini Marekani. Kufikia Mei 2015 idadi iliyotangazwa huko ilikuwa karibu magari milioni 34. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu, ikakubali kulipa dola bilioni 1, kisha ikafilisika.

Katika kubadilisha mifuko hiyo, Wamarekani walitanguliza maeneo yenye joto na unyevu, kama vile Florida na Puerto Rico, kwa sababu huko ndiko hatari ilikuwa kubwa. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako joto na unyevu haviachani, ataelewa mara moja. Hata hivyo magari mengi ya kwetu yaliwahi kuwa ya mtu mwingine nchini Japani. Kabla gari halijapakiwa melini, usajili wake wa Japani hufutwa, na cheti cha kuufuta ndicho kinachosafiri nalo. Hapo ndipo uzi unapokatika. Gari linashuka Mombasa na kupanda hadi Kampala, lakini barua haina tena anwani ya kwenda.

Serikali zetu hazikukaa kimya kuhusu magari haya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yenye miaka 15 au zaidi. Lakini umri si kasoro. Gari la miaka 6 linaweza kuwa na kasoro iliyokwisha kutangazwa, na la miaka 14 likawa limekwisha kutengenezwa.

Mjomba alilipeleka gari lake kwa wakala wa kampuni. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba halikununuliwa pale. Tulirudi pamoja na ukurasa uliochapishwa na kutafsiriwa, wakakubali kuagiza swichi. Ilichukua wiki saba. Muda wote huo aliendesha vioo vikiwa vimefungwa, kwa kuwa fundi alikuwa ameikata ile ya zamani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maoni yangu, ufa huu unaweza kuzibwa katika dirisha lilelile la ofisi ambapo gari husajiliwa mara ya kwanza. Namba ya chasisi huandikwa hapo kwa vyovyote vile. Ikilinganishwa na orodha za watengenezaji, mnunuzi ataambiwa kabla hajaliwasha gari. Sheria ya mwaka 1966 ilimfikiria mnunuzi wa kwanza. Sisi tulio wengi katika Afrika Mashariki ni wa pili, wa tatu na wa nne, na moto hauulizi gari lilinunuliwa na nani kwanza.