Roho na Mwili wakiimba

Mara nyingi tunasikia kama mchezo wa kuimbwa ulizaliwa kwa wakubwa wa Florence. Ni kweli, «Dafne» ilichezwa kwao mwaka 1598, lakini muziki wake karibu wote umepotea. Mchezo wa kwanza ambao tungali nao mzima ni ule wa Roho na Mwili. Emilio de' Cavalieri aliuonyesha Roma, Februari 1600, kwa mapadri wa Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri.

Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka uleule, pamoja na maagizo: watu wasipite elfu moja, wakae vizuri (wenye kutengeneza viti vyetu wasome hapo!), wapiga vyombo wafichwe nyuma, mwimbaji atamke wazi. Kwani mchezo ule ulikuwa fundisho. Neno lisiposikika, kunabaki kelele tu.

Baadaye waimbaji walipenda kupamba sauti zao hata hadithi ikasahauliwa. Katika utangulizi wa «Alceste», 1769, Gluck alishambulia majivuno yao. Naye Wagner, alipofungua nyumba yake ya michezo kule Bayreuth mwaka 1876, aliwaficha wapiga vyombo shimoni, miaka 276 nyuma ya agizo lile la Roma.