Nishani ya Kapteni Diagne ni ushahidi pia

Nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo Umoja wa Mataifa huwapa walinda amani wake imebeba jina la mtu aliyetunukiwa kwa jambo ambalo hakutumwa kulifanya. Kapteni Mbaye Diagne, mzaliwa wa Coki nchini Senegal, alipelekwa Rwanda mwaka 1993 akiwa mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha. Kazi yake ilikuwa kufuatilia utekelezaji wa mkataba wa amani uliosainiwa Arusha na kutoa taarifa, basi. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, wanajeshi wa serikali walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana pamoja na mumewe, huku watoto wao wakiwa mafichoni. Diagne aliwapakia watoto hao garini akawafikisha Hôtel des Mille Collines. Tangu siku hiyo aliendelea kuwavusha watu wachache wachache kwenye vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe, silaha zake zikiwa sigara, utani na uso usioonyesha hofu. Kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua na hakumzuia. Idadi ya aliowaokoa haikubaliki na wote, ila hutajwa kwa mamia. Tarehe 31 Mei kombora la mota liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi cha barabarani mjini Kigali, akafa akiwa na miaka 36.

Kwa kawaida habari zake husimuliwa kama sifa za moyo wa mtu mmoja. Kwangu mimi, zina uzito zaidi kama ushahidi dhidi ya waliomtuma. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Watetezi wa uamuzi huo husema askari kumi wa Ubelgiji walikuwa wameshauawa, na kwamba ucheshi wa kapteni mmoja hauwezi kugeuzwa mpango wa kuokoa taifa. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inawasahau Waghana. Brigedia Jenerali Henry Anyidoho alikataa kuondoka na askari wake, na katika Uwanja wa Amahoro maelfu ya wakimbizi walinusurika chini ya ulinzi mwembamba wa kikosi hicho kilichobaki. Kama wachache waliweza hivyo bila risasi za kutosha, madai kwamba hakuna kilichowezekana yanakosa mguu wa kusimamia.

Baraza lilianzisha nishani hiyo mwaka 2014, na mjane wa Diagne akaipokea mwaka 2016. Wapo wanaosema heshima hiyo inatosha, kwa kuwa inawatia moyo askari wengine. Wanaweza kumtaja Chancy Chitete wa Malawi, aliyeuawa karibu na Beni, Kongo, Novemba 2018 akimwokoa askari wa Tanzania aliyejeruhiwa. Lakini Chitete alikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 na kupewa ruhusa ya wazi ya kupigana. Diagne alipewa kalamu. Ujasiri wao ulilingana, amri walizopewa hazikulingana. Kila nishani hii inapotolewa, azimio namba 912 lisomwe pia, pamoja na majina ya nchi zilizolipigia kura.