Kinga ya Malipo

Mtu wa Handeni akipenda simu kwenye ukurasa wa Instagram wa muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingi huambiwa atume pesa kwanza, ndipo mzigo upakiwe kwenye basi. Wa Korogwe ana nafuu kidogo, maana mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hupita mjini kwake. Lakini boksi likifunguliwa stendi na kukutwa na simu nyingine kabisa, wote wawili wamekwama: pesa imeshafika kwa muuzaji, naye hapokei tena simu.

Kinachokosekana hapo ni kinga ya malipo, yaani utaratibu wa kumrudishia mnunuzi pesa zake bidhaa isipofika au ikija tofauti na ilivyoelezwa. Ndani yake mna njia mbili.

Ya kwanza ni malipo ya amana. Huduma ya malipo ya Alipay ilianza hivyo China mwaka 2004: pesa ilishikwa na mtu wa kati mpaka mnunuzi athibitishe kuupokea mzigo. Wapo wanaopendelea kuyaita dhamana, lakini mdhamini hulipa kwa mali yake ahadi ikivunjwa, ilhali mtunza amana hushika tu mali ya mwenzake. Tofauti hiyo ni kubwa, na istilahi isiifiche.

Ya pili ni urejeshaji: pesa iliyokwisha kulipwa hurudishwa baada ya shauri kusikilizwa. Mwenye kadi hupinga malipo kupitia benki yake. Huduma ya malipo ya PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua shauri, na mazungumzo na muuzaji yakishindikana, ana siku 20 tangu alipolifungua za kuligeuza kuwa dai.

Kutuma pesa moja kwa moja kwenye namba ya simu ya muuzaji hakuna njia hata moja kati ya hizo. Wengi hudhani kurudishiwa muamala uliokosewa kutawaokoa. Huko mtumaji alikosea namba. Hapa namba ni sahihi, ahadi ndiyo iliyovunjwa.

Basi jumbe za makubaliano na picha ya bidhaa zisifutwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo mahakamani. Na pale ambapo muuzaji hakubali kulipwa mzigo ukishapokelewa, mnunuzi wa Handeni amwombe ndugu aliyeko Dar es Salaam aende dukani, aiwashe simu hiyo, kisha yeye ndiye alipe.