Jina la Mchoraji na Bei ya Mchoro

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza. Katika soko la sanaa, hata hivyo, mara nyingi kinachouza ni jina. Mchoro wa farasi wa mashindano au wa bondia huthaminiwa kwanza kwa mkono ulioutenda. Jina likitiwa shaka bei hushuka, ilhali hakuna hata tone la rangi lililobadilika.

Mfano mashuhuri ni mchoro wa Mchungaji Robert Walker akiteleza juu ya barafu ya ziwa la Duddingston, mjini Edinburgh, uliochorwa katika miaka ya 1790. Walker, mchungaji wa kanisa la Canongate, alikuwa mwanachama wa chama cha watelezaji wa mji huo. Amevaa nguo nyeusi, amekunja mikono kifuani, na mguu mmoja ameuinua nyuma yake. Ukoo wake uliurithi mchoro huo pamoja na jina la Henry Raeburn, mchoraji mkubwa wa Uskoti. Mwaka 1949 Jumba la Taifa la Sanaa la Uskoti liliununua kwa pauni 525, na baadaye ukawa miongoni mwa alama za nchi hiyo.

Mwaka 2005 mtaalamu Stephen Lloyd alitoa hoja kwamba mkono ule si wa Raeburn, bali wa Henri-Pierre Danloux, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao na kufika Edinburgh katika miaka hiyohiyo. Mchoro ni mdogo, kiasi cha sentimita 76 kwa 64, na Raeburn alizoea turubai kubwa. Danloux ndiye aliyezoea kuchora mtu mzima mzima katika nafasi ndogo. Waliompinga walishikilia urithi wa ukoo, na Jumba lenyewe bado linamtaja Raeburn.

Lau mchoro huo ungekuwa mikononi mwa mfanyabiashara, shaka hiyo ingepimwa kwa pauni. Kwa kuwa ni mali ya umma, watazamaji wameendelea kuujia na kuupenda. Lakini haifai kusema kwamba jina basi si kitu. Ikiwa kweli Danloux ndiye aliyeutenda, mhamiaji huyo amenyimwa sifa ya kazi yake kwa zaidi ya miaka mia mbili, na deni hilo halilipiki kwa bei ya mnada.